Aprili za Songoro

Vijana wangu, kabla hamjaandika mstari mmoja wa programu ya kusoma faili la vipimo, nendeni mkakione kifaa kilichopima. Kishikeni. Mwulizeni anayekisoma hufanya nini kikijaa. Mimi sikuuliza, na kwa sababu hiyo mwanamke mmoja wa Songoro, kwenye mteremko wa Meru, alinyang'anywa kazi aliyoifanya vizuri kuliko wenzake wote, na jina lake likachafuka. Nitawaeleza ilivyokuwa. Nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa na urefu wa neno moja tu, na hamtalielewa msipojua lilikaa wapi.

Nilikuwa karani wa takwimu katika kituo cha utafiti wa mazao nje kidogo ya mji wa Arusha. Elimu yangu ni kidato cha nne. Tulikuwa na vituo vya mvua karibu arobaini, kuzunguka mlima na kushuka hadi kwenye mashamba ya Ngaramtoni, na kila kituo kilikuwa na mpimaji wake. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji alifungua kipimamvua, akamimina maji kwenye glasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Mwisho wa mwezi aliweka ukurasa wake kwenye bahasha na kumpa kondakta wa basi atufikishie. Bahasha za mlimani zilinuka moshi wa jikoni. Za mashamba makubwa ya kahawa zilikuwa zimepigwa taipu. Mpimaji alipewa koti la mvua, buti, na heshima ya kuwa mtu anayeulizwa na majirani kama mvua ya jana imetosha kupanda.

Kompyuta zilikuja wakati wa ruksa, miaka ile sabuni za rangi nne zilipoanza kuonekana madukani na watu wakavaa mitumba bila kujificha. Zilikuja mbili. Zilifunikwa kwa vitambaa vya kudarizi kama redio ya harusi, na tulivua viatu mlangoni ili tusiingize vumbi. Dereva wetu, Idi, mtu wa Kondoa aliyekaa Sokon One, alikuwa akipita pale na kuhesabu viatu.

"Mnaswali humo ndani?" aliuliza siku moja.

"Tunafanya kazi," nikamwambia.

"Basi msikiti wenu hauna kibla. Kila mtu kaelekea kwake."

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Swai, Mchaga wa Machame, mkuu wa chumba cha takwimu. Alijifunza Dar es Salaam enzi kompyuta zilipolishwa kwa kadi za kutoboa, na alikuwa na tabia ya kushika karatasi kwa kingo, kana kwamba bado ni kadi na zikianguka atazipanga upya usiku kucha. Hakupenda maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza niliingiza orodha ya vituo nikaitangaza namba ya kituo kuwa namba kamili. Vituo vilivyoanza na sifuri vikapoteza sifuri zao, na kituo cha 014 kikachanganyika na cha 14, ambacho kilikuwa cha wilaya nyingine kabisa.

Swai aliniita. "Lazaro, ukijumlisha kituo namba nne na kituo namba tano, unapata kituo namba tisa?"

"Hapana, mzee."

"Basi hiyo si namba. Ni jina lililovaa nguo za namba. Liandike kama maneno."

Somo hilo peke yake lingetosha kuwaokoa wengi wenu. Namba za simu, namba za wanafunzi, namba za mashamba, zote ni majina. Msizipe aina ya namba kwa sababu tu zinafanana na namba.

Somo lake la pili lilihusu ukubwa. Kompyuta haishiki namba hewani, huiweka kwenye chombo, na chombo kina kipimo chake. Alinieleza kwa vyombo vya sokoni. Kuna kibaba, kuna debe, kuna gunia. Kibaba ni chepesi na kinachukua nafasi ndogo, lakini ukikimiminia debe zima hakipanuki. Chombo cha namba kamili tulichokuwa tukikitumia sana kwenye Paskali, lugha tuliyoandikia programu, kilikuwa kibaba: kilibeba hadi elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ukiongeza moja tu, namba inageuka upande wa pili na kuwa hasi. Haipigi kelele. Inageuka tu, halafu kazi inaendelea.

"Kwa nini isiseme?" niliuliza.

"Itasema ukiiwekea kinga. Kuna swichi. Ukiiwasha, programu inasimama namba ikizidi chombo."

Niliiandika kwenye daftari langu. Ninalo mpaka leo, na mstari huo umepigiwa wino chini mara mbili. Sijui kwa nini niliupigia mistari kama sikukusudia kuufuata.

Sasa nifike kwenye kitu nilichojivunia. Kurasa za vituo hazikufanana. Wapimaji wa zamani walitumia inchi, wapya milimita. Shamba moja liliandika tarehe mwanzo, jingine mwisho. Kwa kila umbo la faili ilibidi kuandika programu yake ya kulisoma, na programu hizo zilifanana kama mayai. Nilichoka. Nikaamua kuandika programu moja ya kuandika programu nyingine. Nikaiita Fundi. Unampa Fundi karatasi ya maelezo: safu hii inaitwa hivi, inaanzia herufi ya ngapi, inaishia wapi, na ni aina gani. Fundi anakuandikia programu nzima ya kulisoma faili hilo, kulijumlisha kwa mwezi na kuchapa ripoti. Kazi ya siku tatu ikawa ya muda wa kunywa chai.

Swai alikaa mbele ya mashine akatazama mistari ikijiandika.

"Umepata mtumishi asiyechoka," alisema. "Ukimtuma vibaya, hatachoka vilevile."

Nilicheka, nikidhani ananisifu.

Inchi zikigeuzwa milimita hutoa desimali mbili, kwa hiyo niliamua mvua yote itunzwe kwa sehemu za mia za milimita, kama namba kamili. Milimita kumi na mbili na nusu ikawa 1250. Jambo hilo lilikuwa zuri, na hata leo ningefanya hivyo. Diski zetu zilikuwa ndogo, kwa hiyo kila namba niliipa kibaba. Jumla ya mwaka niliipa gunia, maana nilijua itazidi. Kwa jumla ya mwezi nilisita kidogo. Nikafungua kumbukumbu za kituo cha mjini, kile kilichokuwa karibu na Kijenge, nikatazama mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Haukukaribia milimita mia tatu ishirini na saba, ambazo ndizo ukomo wa kibaba. Nikaandika kibaba. Mnaona nilichofanya: niliangalia mvua ya mjini nikaukadiria mlima.

Kisha niliongeza werevu wa namna mbili. Siku ambayo haikupimwa tulikuwa tukiiandika hasi tisini na tisa, ili isichanganywe na siku isiyo na mvua. Lakini wapiga chapa waliokuwa wakiingiza namba kwenye kompyuta walisahau, mmoja akaandika hasi tisa, mwingine hasi mia tisa tisini na tisa. Badala ya kusahihisha data, nikamwagiza Fundi kwamba namba yoyote iliyo chini ya sifuri, iwe ya siku au ya mwezi, maana yake haikupimwa. Werevu wa pili ulihusu ile kinga. Programu zilikuwa zikisimama katikati kila mpiga chapa alipobonyeza tarakimu mara mbili. Mkuu wa kituo chetu cha utafiti alikuwa akisubiri ripoti, na alikwisha kuja mlangoni mara mbili na viatu vyake mguuni. Nikaizima. Sikuizima kwenye programu moja. Niliizima ndani ya Fundi, na kwa hiyo ikazimwa kwa watoto wake wote, waliozaliwa na ambao hawajazaliwa.

Swai aliponikuta aliniuliza kama nimeizima. Nikasema nitairudisha ripoti ikitoka. Ripoti ilitoka. Mtu hujisahau kirahisi sana kazi inapokwenda.

Miaka ilipita hivyo. Ikafika zamu ya kupunguza. Mnajua zama zile, kila mahali palikuwa na orodha ya kupunguza: watu, magari, vituo. Wafadhili walisema vituo arobaini ni vingi, vibaki vile vyenye kumbukumbu kamili. Mkuu akaniagiza nimtolee orodha ya vituo vyenye mapengo. Fundi akaandika programu, programu ikatoa orodha, na juu kabisa palikuwa Songoro. Kituo hicho kilikuwa na Aprili nne ambazo hazikupimwa. Miezi mingine yote ilikuwa kamili, Aprili tu ndizo zilizokosekana.

"Huyu anaogopa kulowa," mkuu alisema. "Mpaka koti tumempa."

Tukacheka wote wawili. Kurasa zake zilikuwa kwenye kabati nyuma yangu, hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Sikulifungua. Namba za Fundi zilikuwa zimekwisha kunipa ushahidi, nami niliziamini kwa kuwa nilikuwa nimemtengeneza shahidi mwenyewe.

Nilitumwa kupeleka barua na kuchukua vifaa. Idi aliendesha. Barabara ya kupanda Songoro ilikuwa tope, na pembeni migomba ilikuwa imeinama kwa uzito wa maji. Mpimaji alikuwa Mama Anaeli, mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Kipimamvua kilikuwa katikati ya uwanja wake, kimezungushiwa uzio wa miti, nyasi zimefyekwa hadi zikawa kama zulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Mmekuja kukagua? Afadhali. Glasi imepata ufa, niliandika kwenye bahasha lakini hamkujibu."

Nilimpa barua. Aliisoma akiwa amesimama, taratibu, kisha akairudia.

"Wanasema Aprili sikupima."

"Aprili nne, mama."

"Aprili," alisema, akamgeukia Idi kana kwamba yeye labda angeelewa. "Aprili ndipo napima mara mbili. Chupa ya ndani inajaa, maji yanamwagikia kwenye kopo la nje. Napima ya chupa, napima ya kopo, najumlisha. Hayapotei. Wewe karani unajua hilo, si ndiyo?"

Nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha maelekezo. Sikuwahi kuliona kwa macho. Kipimamvua kina chombo cha pili kwa ajili ya siku chombo cha kwanza kitakapojaa. Aliyekitengeneza alilifikiria hilo kabla mimi sijazaliwa.

"Nina nakala," alisema. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada la kijani. "Nilikuwa naandika huku kwanza, ndipo nanakili kwenye karatasi yenu. Tazama, Aprili hii hapa."

Sikulitazama. Mikono ilikuwa nyuma, hivyo ndivyo nilivyosimama. Nikamwambia maneno ambayo nimeyarudia peke yangu mara nyingi tangu hapo: "Mama, kompyuta haina chuki na mtu. Inasema kilichoingizwa."

"Aliyeingiza ni nani?"

"Ni sisi."

"Basi mngeulizana kwanza huko huko, ndipo mpande huku."

Aling'oa kopo mwenyewe, akalikausha kwa kanga, akalileta pamoja na chupa na ile glasi yenye ufa. Kwenye orodha yangu kulikuwa na koti pia. Nilidhani atasubiri nilitaje. Alilileta bila kuulizwa, limekunjwa, safi, mabega yakiwa yamepauka kwa kuvaliwa. Koti la mtu asiyetoka kwenye mvua halipauki mabegani. Hata hilo niliona, nikaweka tiki kwenye orodha.

Tulipofika lami Idi alinigeukia.

"Karani, mimi trafiki akinisimamisha, nikamwambia leseni ninayo, huwa anaitazama."

"Barua ilikuwa imeshasainiwa, Idi."

"Haya. Mimi dereva tu."

Uzio tuliuacha umezunguka shimo. Niliambiwa baadaye kwamba kule juu watu walisema Mama Anaeli alikuwa akijaza namba huku akiota moto jikoni. Kwenye baraza la wazee wa kanisa mtu mmoja aliuliza kama anafaa kuhesabu sadaka. Mama Anaeli alijiuzulu mwenyewe.

Ukweli ulijitokeza mwaka mwingine, mwaka wa mvua kubwa, maji yalipobeba madaraja na mashamba ya tambarare yakageuka mabwawa. Nilitoa ripoti ya Aprili kama kawaida. Vituo kumi na moja vilionekana havikupimwa. Swai alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Aliichukua karatasi kwa kingo zake.

"Lazaro, mvua imebomoa daraja, halafu wapimaji kumi na mmoja wamelala?"

"Labda barabara hazipitiki, mzee."

"Bahasha zao umezipata?"

Nilikuwa nimezipata zote.

"Chapa jumla kabla Fundi hajazichuja."

Nilichapa. Safu nzima ya namba hasi. Alichukua penseli, na kwa kila moja akaongeza elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita, ambayo ndiyo duara zima la kibaba kile. Ya kwanza ikatoa milimita mia tatu arobaini na moja. Ya pili mia tatu themanini. Alipofika ya tatu aliweka penseli chini, maana aliona nimeelewa.

"Kinga uliirudisha?" aliuliza.

Nilimfungulia Fundi, nikamwonyesha mstari wa swichi: ilikuwa bado imezimwa.

Matengenezo yalikuwa neno moja. Kwenye mstari wa jumla ya mwezi nilifuta kibaba nikaweka gunia, nikawasha swichi, Fundi akaandika programu zote upya kabla ya chai ya saa nne. Hapo ndipo nguvu ya kazi hii ilipo, vijana, na hatari yake pia ipo hapo hapo. Kisha nilipitisha mafaili ya zamani. Aprili nne za Songoro zikatoka moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa milimita 352.60. Kwenye chombo changu ilikuwa hasi elfu thelathini, mia mbili sabini na sita, yaani kwa lugha ya Fundi, mama huyu amelala. Alionekana mvivu katika miezi ile ile aliyofanya kazi mara mbili.

Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza. Alinisikiliza vizuri.

"Kituo kimeshafungwa," alisema. "Vifaa vimekwenda kwingine. Andika kwenye faili kwamba ilikuwa hitilafu ya kompyuta, tuendelee."

Nikaandika hivyo: hitilafu ya kompyuta. Naomba mlitazame neno hilo kwa makini kila mnapolikuta kwenye ripoti. Mashine ilifanya kila nilichoiagiza. Kosa la kibaba ninaweza kulisimulia, nilikuwa kijana na diski zilikuwa ndogo. Hili la pili sina la kulitetea. Ningeweza kupanda basi la Songoro Jumamosi yoyote. Sikupanda. Kwanza niliona aibu, halafu niliona muda umepita, na muda ulivyozidi kupita ndivyo sababu ilivyozidi kuwa nzuri.

Nilikwenda nilipostaafu. Ilikuwa miaka kumi na minane baada ya barua ile. Nilibeba karatasi moja niliyoichapa kabla ya kukabidhi ofisi. Uzio haukuwepo, palikuwa na mihogo. Mama Anaeli alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akichambua maharage kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nilimsalimu, nikajitaja, nikamwambia nilichofanya tangu kibaba hadi siku ile. Nilisema mimi, sikusema sisi wala kompyuta. Alisikiliza, mikono ikiendelea na maharage.

"Ile Aprili ya mwisho," alisema nilipomaliza. "Umesema ilikuwa ngapi?"

"Milimita mia tatu hamsini na mbili, nukta sita."

Alimwita binti yake kutoka ndani, akamwagiza daftari la kijani. Binti alilifungua, akatafuta, akaweka kidole.

"Mia tatu hamsini na mbili," alisoma. "Nukta sita, mama."

"Ndiyo," alisema Mama Anaeli. "Nukta sita."

Nilimwambia kwamba nitaandika barua kwa mkuu mpya, na moja kwa usharika wake. Nilimwambia pia naweza kuomba kipimamvua kirudi. Alitikisa kichwa.

"Macho hayaoni tena mstari wa glasi. Barua ya usharika andika, watoto wangu wapo pale." Alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa uani. "Nikuulize kitu, baba. Hii miaka yote tangu mlipong'oa, mashine yenu inaandikaje hapa Songoro?"

"Inaandika haikupimwa, mama."

"Haya," alisema. "Sasa imesema kweli."